Mwanga Uliokunjwa: Historia ya Darubini Ndogo ya Mwindaji

Darubini ndogo ya macho mawili, ile inayoenea katika mfuko wa koti na ambayo mwindaji, mwongoza watalii au askari wa wanyamapori huivaa shingoni kutwa nzima bila kuchoka, ilichelewa sana kuzaliwa. Darubini ya jicho moja ilijulikana Ulaya tangu mwaka 1608, na wazo la kuunganisha mbili ili macho yote yaone pamoja lilitolewa mwaka huohuo, lakini ilipita miaka 286 kabla ya kiwanda chochote kuuza chombo kifupi na chepesi kinachokuza mara sita au nane bila kuharibu taswira. Kilichokwamisha kazi hiyo ni kioo chenyewe, ambacho kwa karne nyingi kilikuwa na mawimbi, mapovu na rangi zilizopotosha mwanga uliopita ndani yake. Historia ya chombo hiki kwa hiyo ni historia ya kupigania mwanga unaopotea njiani, na anayeifahamu hupata ufunguo wa kukichagua na kukitunza, kwa kuwa karibu kila nambari iliyochapwa ubavuni mwake na kila onyo la utunzaji lina asili katika tatizo lililowahi kumshinda fundi wa zamani.

Tarehe 2 Oktoba 1608, Baraza Kuu la Majimbo ya Uholanzi, lililokuwa likikutana mjini The Hague, lilijadili ombi la Hans Lipperhey, fundi miwani wa mji wa Middelburg katika jimbo la Zeeland, aliyetaka apewe hataza, yaani haki ya peke yake ya kutengeneza na kuuza chombo cha kuonea vitu vya mbali. Wajumbe walivutiwa, maana nchi yao ilikuwa vitani na Hispania, lakini hawakuridhika na chombo cha kufumba jicho moja. Walimtaka fundi huyo atengeneze cha kutazamia kwa macho mawili, tena kwa lenzi za kwatzi, jiwe angavu ambalo wakati huo lilikuwa safi kuliko kioo cha kawaida. Lipperhey alikabidhi cha kwanza mwezi Desemba na vingine viwili mwanzoni mwa 1609, akalipwa vizuri, ila hataza alinyimwa kwa sababu watu wengine, akiwemo Jacob Metius wa Alkmaar, walidai kuujua ufundi huohuo. Hivyo sharti la macho mawili lilitoka kwa mteja tangu siku za mwanzo, na mafundi wakabaki na deni lililowachukua karibu karne tatu kulilipa.

Darubini ya Lipperhey, na ile ambayo Galileo Galilei aliwaonyesha wakuu wa Venice mwezi Agosti 1609, ilikuwa na lenzi ya mbele iliyobenuka na lenzi ya jicho iliyobonyea. Mpangilio huo huonyesha vitu vikiwa wima na hauhitaji bomba refu, lakini una kasoro isiyoondoka: kadiri ukuzaji unavyoongezeka, ndivyo eneo linaloonekana kwa wakati mmoja linavyobana, hata mtazamaji huwa kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza mpangilio mwingine wa lenzi mbili zilizobenuka, ambao hutoa eneo pana na taswira iliyo safi zaidi, isipokuwa kwamba kila kitu huonekana kichwa chini miguu juu. Mnajimu hakujali mwezi ukigeuzwa, lakini mwindaji hawezi kumfuata mnyama anayekimbia kulia huku jicho likimwambia anakimbia kushoto. Dawa ya wakati huo ilikuwa kuongeza lenzi nyingine katikati ili taswira isimame wima, na kila lenzi iliyoongezwa ilirefusha bomba, ikaongeza uzito na kula mwanga. Mwindaji akabaki kati ya chombo kifupi chenye dirisha dogo na chombo kirefu kisichobebeka kwa macho mawili.

Karne mbili zilizofuata zilileta maboresho machache yanayostahili kutajwa hapa. John Dollond wa London alipata hataza mwaka 1758 ya lenzi iliyoungwa kwa vioo vya aina mbili, krauni na flinti, ambavyo hupinda rangi za mwanga kwa viwango tofauti, kwa hiyo kosa la kimoja hurekebishwa na kingine na ule mzingo wa rangi unaozunguka kitu hupungua sana. Johann Friedrich Voigtländer wa Vienna alipata hataza mwaka 1823 ya darubini ya ukumbini, yaani bomba mbili za Galileo zilizofungwa pamoja kwa ajili ya watazamaji wa opera, na miaka miwili baadaye Lemière wa Paris aliweka gurudumu moja katikati la kurekebisha macho yote mawili kwa pamoja, jambo ambalo darubini za leo bado zinalifuata. Maofisa wa jeshi na wawindaji wa karne ya 19 walitembea na darubini za ukoo huo, zenye kukuza mara tatu hadi tano hivi.

Waliotaka kuona mbali zaidi walishikilia bomba la shaba la jicho moja, lile linalovutwa kwa vipande. Katika nyanda za juu za Uskoti, ambako paa wekundu huwindwa kwa kutambaa kwenye milima isiyo na miti, wasaidizi wa wawindaji walikuwa na ustadi mkubwa wa kulalia mgongo, kuegemeza bomba hilo gotini na kuchambua mteremko mzima kwa subira. Lord Lovat aliandikisha watu wa aina hiyo mwezi Januari 1900 akaunda kikosi cha Lovat Scouts kwa vita vya Afrika Kusini, ambako macho yao na darubini zao vilithaminiwa sawa na bunduki zao. Ustadi huo ulikuwa halisi, lakini ulidai mtu aliyelala na kutulia. Aliyesimama au aliyepanda farasi hakuweza kuutuliza mkono usitetemeke.

Njia ya kutoka katika mkwamo huo ilibuniwa na Ignazio Porro, ofisa wa mizinga na mpimaji kutoka Piedmont, aliyepata hataza yake mwaka 1854. Porro alitumia prizimu, yaani vipande vya kioo vyenye nyuso bapa zilizokatwa kwa pembe maalumu, ambavyo mwanga ukiingia na kugonga uso wa ndani kwa mshazari wa kutosha hurudishwa wote bila kuhitaji kioo cha kujitazamia. Prizimu mbili zikiwekwa kwa kupishana, mwanga hugeuzwa mara nne, taswira iliyopinduliwa na lenzi za Kepler husimama wima, na njia ndefu ya mwanga hukunjwa hadi ikaenea katika kasha fupi. Wazo lilikuwa kamili, lakini chombo hakikufanikiwa sokoni. Katika lenzi nyembamba mwanga hupita milimita chache tu za kioo, hali ndani ya prizimu hupita sentimita kadhaa, na hivyo kila mshipa na kila wimbi lililoachwa na tanuri huonekana katika taswira. Hakukuwa na kiwanda kilichoweza kumpa Porro kioo cha kumfaa kwa wingi na kwa bei ya kuridhisha, naye alifariki mwaka 1875 bila kuona wazo lake likishinda.

Kabla hajafariki, mtu mwingine alikuwa ameshafika mahali palepale bila kujua kwamba amemfuata. Ernst Abbe, mwana wa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi mjini Eisenach aliyezoea kumwona baba yake akisimama kazini hadi saa 16 kwa siku, alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Jena na mshirika wa Carl Zeiss, mtengenezaji wa hadubini. Mwaka 1873 alipeleka kwenye maonyesho ya dunia ya Vienna darubini ya prizimu aliyoibuni mwenyewe, nayo pia ilikwamishwa na kioo. Abbe alikuwa amejenga nadharia iliyomwezesha kukokotoa lenzi kabla ya kuzisaga, lakini hesabu zake zilidai vioo ambavyo havikuwepo: vinavyopinda mwanga kwa kiasi fulani huku vikitawanya rangi zake kwa kiasi kingine, na vilivyo sawasawa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Jibu lilikuja kwa barua. Mwaka 1879 Otto Schott, mkemia kijana wa Witten aliyezaliwa katika ukoo wa mafundi wa kioo, alimwandikia Abbe kuhusu kioo chenye lithi alichokiyeyusha. Kioo hicho hakikufaa kitu, lakini barua hiyo ilianzisha ushirikiano ambao pengine ndio wenye matunda mengi kuliko wote katika historia ya ala za mwanga. Schott aliyeyusha, Abbe akapima, matokeo yakarudi kwa Schott, naye akabadilisha mchanganyiko. Boroni, bari, fosforasi na elementi nyingine zilijaribiwa moja baada ya nyingine, mahali ambapo wazee wake walizoea viambato vichache tu. Schott alihamia Jena mwaka 1882, maabara yake ya kioo ikaanzishwa rasmi mwaka 1884, na orodha ya kwanza ya bidhaa iliyotoka mwaka 1886 ilikuwa na aina 44 za vioo. Kwa mara ya kwanza mtu aliyebuni lenzi aliweza kuchagua kioo kwa namba zilizopimwa, badala ya kupokea chochote ambacho tanuri ilimjalia.

Mwaka 1893 kampuni ya Zeiss iliomba hataza ya darubini ya macho mawili yenye prizimu. Madai ya hataza yalipochunguzwa iligundulika kwamba kazi ya Porro ilitangulia, kwa hiyo kilicholindwa kilikuwa jambo moja tu: kupanua nafasi kati ya lenzi mbili za mbele kuliko nafasi iliyopo kati ya macho. Jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika, kwa kuwa ubongo hupima umbali kwa kulinganisha taswira za macho mawili, na lenzi zilizoachana zaidi huongeza tofauti hiyo, hivyo swala aliyejificha nyuma ya kichaka hutengana na kichaka chenyewe. Mauzo yalianza mwaka 1894, na miongoni mwa zilizouzwa kulikuwa na 6x15 na 8x20, ambazo kwa vipimo vya leo zingehesabiwa kuwa darubini ndogo. Hataza hiyo ilipokwisha nguvu mwaka 1908, viwanda vya nchi nyingi viliingia sokoni kwa kishindo. Abbe mwenyewe, ambaye baada ya kifo cha Zeiss alianzisha wakfu mwaka 1889 na baadaye kuukabidhi mali ya kampuni, aliwapa wafanyakazi siku ya kazi ya saa nane mwaka 1900, na mtu anayekumbuka saa 16 za baba yake ataona kwamba hayo nayo ni sehemu ya historia ya darubini.

Nambari mbili zinazochapwa kwenye kila darubini zilipata uzito wake katika kipindi hiki. Ya kwanza ni ukuzaji, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza hutoa kipenyo cha mwali unaotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni: 8x20 hutoa mwali wa milimita 2.5, 8x42 hutoa kama 5.3, na 8x56 hutoa milimita 7 kamili. Mboni ya jicho mchana wa jua kali hufunguka milimita mbili au tatu tu, hivyo saa hizo darubini ndogo haina upungufu wa mwanga. Lakini magharibi mboni hupanuka, ya kijana ikaweza kufika milimita 7 na ya mtu wa makamo ikaishia kama 5, na hapo ndipo 8x20 hugeuka giza wakati 8x42 bado inaona. Kipimo kingine, kiitwacho nambari ya magharibi, hupatikana kwa kuzidisha nambari hizo mbili na kutafuta kipeuo cha pili: 8x20 hupata 12.6, 8x30 hupata 15.5, na 8x56 hupata 21.2. Wawindaji wa Ulaya ya kati, ambao humsubiri nguruwe mwitu usiku kwa mwanga wa mbalamwezi, walikuwa na sababu nzuri ya kubeba 8x56 zenye uzito wake wote. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima na jioni huwa fupi, kwa hiyo nambari hiyo haipaswi kutawala uchaguzi kwa kiwango kilekile. Darubini ya 8x30 au 8x32 huhudumu vizuri karibu saa zote za kazi, na 10x25, ingawa nambari yake ya magharibi huzidi kidogo, ina mwali uleule mwembamba wa 8x20 na huongeza mtetemo wa mkono.

Bunduki nayo ilikuwa ikipata jicho lake. Karl Kahles alianzisha kiwanda Vienna mwaka 1898, na darubini ya bunduki iliyoitwa Telorar ilitoka huko mwaka 1900. Tatizo la chombo hicho ni tofauti, kwa sababu bunduki hurudi nyuma inapofyatuliwa na jicho lililosogezwa karibu huumia. Darubini ya bunduki lazima itoe taswira kamili jicho likiwa sentimita nane au zaidi nyuma yake, na gharama yake ni eneo la kuona kubana. Ndiyo sababu hakuna mwindaji makini anayetafuta mnyama kwa darubini ya bunduki, mbali na ukweli kwamba kufanya hivyo ni kumwelekezea mtutu kila kitu kinachotazamwa, watu wakiwemo.

Mji mwingine wa Ujerumani, Wetzlar, ndio ulioipa darubini umbo lake la leo. Kiwanda cha Hensoldt, kilichokuwa kikijaribu prizimu za aina nyingine tangu miaka ya 1890, kilitoa mwaka 1905 darubini iliyoitwa Dialyt, yenye prizimu ya paa, yaani prizimu ambayo uso wake mmoja umegawanywa kuwa nyuso mbili zinazokutana kwa pembe ya digrii 90 mithili ya mapaa mawili ya nyumba. Prizimu hiyo huruhusu mwanga kuingia na kutoka karibu katika mstari mmoja, hivyo bomba hunyooka na kasha huwa jembamba. Gharama yake ni usahihi: pembe ya paa isipokuwa kamili, ndani ya sekunde chache za pembe ambapo sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya digrii, taswira hugawanyika kuwa mbili. Hii ndiyo sababu darubini ya bei ya chini yenye prizimu za Porro, inayotambulika kwa mabega yake yaliyotanuka, mara nyingi huonyesha vizuri kuliko ya prizimu za paa ya bei hiyohiyo, na mnunuzi mwenye fedha kidogo atafanya vyema kutokimbilia umbo la kisasa.

Vita vya kwanza vya dunia vilidhihirisha jinsi ujuzi huu ulivyokuwa umekusanyika mahali pamoja. Uingereza, iliyokuwa ikinunua Ujerumani sehemu kubwa ya kioo chake cha lenzi, iliwaomba raia waazimishe jeshi darubini zao za uwindaji na za mashindano ya farasi, na Marekani ilifanya vivyo hivyo ilipoingia vitani: Franklin D. Roosevelt, aliyekuwa msaidizi wa waziri wa jeshi la majini, aliwaalika wananchi watoe darubini zao kuwa macho ya manowari, kila moja ikilipiwa dola moja kwa sababu sheria haikuruhusu serikali kupokea zawadi. Mjini Rochester, kiwanda cha Bausch & Lomb na wanasayansi wa maabara ya Carnegie walilazimika kujifunza kwa haraka yale ambayo Jena iliyapata kwa miaka mingi. Huko Japani, Nippon Kogaku, iliyoundwa mwaka 1917 na ambayo baadaye ingejulikana kwa jina la Nikon, ilitoa mwaka 1921 darubini ndogo mno za prizimu zilizoitwa Mikron.

Hata kioo kizuri kilipopatikana, mwanga uliendelea kuvuja. Kila mahali hewa na kioo vinapokutana, asilimia nne au tano ya mwanga hurudishwa nyuma, na darubini ya prizimu ina nyuso kama hizo kumi au zaidi, kwa hiyo karibu theluthi mbili tu ya mwanga ndiyo iliyokuwa ikifika jichoni, huku sehemu ya uliobaki ikitangatanga ndani na kufifisha taswira kwa ukungu mweupe. Dalili ya tiba ilionekana mapema pale Dennis Taylor, mbunifu wa lenzi wa York, alipotambua mwaka 1892 kwamba lenzi kuukuu zilizobadilika rangi kwa umri hupitisha mwanga zaidi ya mpya. Kilichohitajika ni kuzeesha kioo kwa makusudi na kwa kipimo. Alexander Smakula, mwanafizikia mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi Zeiss, ndiye aliyekifanikisha katika hataza ya mwaka 1935: ndani ya chombo kilichotolewa hewa, chumvi kama floridi ya magnesiamu huchemshwa hadi mvuke wake utande juu ya lenzi utando wenye unene wa robo ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwali unaorudishwa na uso wa utando na ule unaorudishwa na uso wa kioo hukutana ikipingana na kufutana, na mwanga ambao ungerudi hupita mbele. Hasara ya kila uso ilishuka hadi kama asilimia moja na nusu, na kwa tando nyingi zilizopangwa juu kwa juu, zilizoenea miongo kadhaa baadaye, ilishuka chini ya nusu asilimia. Jeshi la Ujerumani lilifanya jambo hili kuwa siri kwa miaka kadhaa.

Utando huo ndio chanzo cha kanuni ya kwanza ya utunzaji. Tando za zamani zilikuwa laini na zilikwaruzika kwa kidole, na hata za leo, ingawa ni ngumu zaidi, huharibiwa na chembe ya mchanga inayoburuzwa juu yake kwa pindo la shati. Vumbi hupulizwa kwanza kwa kipulizio cha mpira au hupangushwa kwa brashi laini, darubini ikiwa imeinamishwa ili chembe zianguke. Kisha tu ndipo kitambaa safi cha lenzi, kilichonyunyizwa tone la maji ya kusafishia lenzi, hupitishwa kwa mzunguko mwepesi kutoka katikati kwenda ukingoni. Maji hunyunyizwa kwenye kitambaa, kamwe si kwenye lenzi, kwa maana huweza kupenya pembeni. Aliyetoka ufukweni aondoe chumvi mapema, na kama darubini ni ya zile zisizopitisha maji, kuisuuza kwa maji baridi ni salama kuliko kuisugua ikiwa kavu.

Mwaka 1945 mji wa Jena ulitekwa na Wamarekani, nao kabla ya kuukabidhi kwa Wasovieti mwezi Julai waliondoka na wataalamu wakuu wa Zeiss, ambao walianzisha kiwanda kipya Oberkochen upande wa magharibi. Mwaka uliofuata Wasovieti nao walichukua mitambo na wataalamu wengine. Kwa zaidi ya miaka 40 kulikuwa na Zeiss mbili zilizoshitakiana kuhusu jina. Darubini ya 8x30 ya mashariki, iliyouzwa kwa majina kama Deltrintem na Jenoptem, bado hupatikana kwenye soko la mitumba na ni nzuri kama haijachezewa na mafundi wa kubahatisha. Mwaka 1949 Wilhelm Swarovski aliingia sokoni kutoka Absam, Austria, kwa darubini ya Habicht 7x30, na Oberkochen ilitoa mwaka 1958 lenzi za jicho zilizowawezesha wavaa miwani kuona eneo zima bila kuvua miwani yao. Hilo la mwisho halikupata sifa iliyostahili. Mvaa miwani anayenunua leo bado anapaswa kuuliza ni milimita ngapi jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi, na chini ya 15 hivi atanyimwa kingo za taswira.

Darubini ndogo ya kukunjwa, ambayo bomba zake mbili huingia chini ya daraja na kulala pamoja, ilienea tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati prizimu fupi ya paa aina ya Schmidt-Pechan ilipowezesha kufinya kila kitu. Ilikuja na hasara mbili ambazo wabunifu walizijua. Moja ya nyuso za prizimu hiyo hairudishi mwanga wote kwa asili yake, hivyo lazima ipakwe alumini, inayorudisha kama asilimia 90, au fedha, inayorudisha asilimia 95 au zaidi, au tando nyingi zinazozidi 99. Hasara ya pili ni ya ndani zaidi: paa huugawa mwali kuwa nusu mbili ambazo mawimbi yake hutoka yakiwa yamepishana kidogo, na zinapoungana tena hupunguza ukali wa taswira. Mwaka 1988 Adolf Weyrauch na Bernd Dörband wa Zeiss walieleza utando wa kuyalinganisha mawimbi hayo, na tangu hapo darubini nzuri ya prizimu za paa haitengenezwi bila utando huo, ambao maelezo ya bidhaa huutaja kama utando wa awamu. Mnunuzi asiyeuona ukitajwa aamini kwamba haupo.

Jaribio moja la dukani linarudi moja kwa moja kwenye tanuri za Schott. Darubini ikishikwa mbali kwa urefu wa mkono na kuelekezwa kwenye anga nyeupe, penye lenzi ya jicho huonekana duara ndogo ya mwanga. Prizimu za Porro zilizotengenezwa kwa kioo chenye bari, kinachopinda mwanga zaidi, hutoa duara kamili. Zile za kioo cha bei nafuu chenye boroni huacha sehemu ya mwanga ivuje kwa nyuso za ndani, na duara hukatwa na vivuli vya kijivu pembeni. Jaribio la pili ni la ulinganifu wa bomba: mtu atazame mstari wa paa la mbali, kisha aiondoe darubini polepole machoni, na kama mstari unaonekana umevunjika baina ya macho mawili, prizimu zimehama, mara nyingi kwa kuangushwa. Ubongo hujitahidi kuunganisha taswira hizo mbili, na malipo yake ni maumivu ya kichwa baada ya nusu saa.

Adui mwingine alikuwa unyevu. Mwaka 1947 Leupold & Stevens wa Portland, Oregon, walianza kuuza darubini ya bunduki iliyojazwa nitrojeni kavu na kuzibwa, ili mvuke usigande ndani mwindaji atokapo penye joto na kuingia penye baridi, na kwa muda njia hiyo ikahamia kwenye darubini za macho mawili. Miaka michache kabla ya hapo, katika misitu ya New Guinea wakati wa vita vya pili vya dunia, ala za majeshi zilipofuka kwa kuvu ndani ya wiki chache, na wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Melbourne, wakiongozwa na profesa John Turner, walipewa kazi ya kutafuta jinsi kuvu hiyo inavyokua juu ya kioo, mahali ambapo haingedhaniwa kupata chakula. Ilionekana kwamba hutosheka na vumbi, mafuta na mabaki ya wadudu penye unyevu wa kutosha, na kwamba asidi inayotoa huchimba kioo chenyewe.

Matokeo hayo yanaihusu moja kwa moja pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ambako hewa ya masika hulisha kuvu sawasawa na ya New Guinea. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Tanzania, iliyousimamisha kwa wageni mwaka 1973, iliufungua tena mwaka 1978, hivyo huko chombo hiki hubebwa pia na waongoza watalii na walinzi wa hifadhi. Mfuko wa ngozi unaotunza unyevu ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuihifadhi. Inafaa ikae kwenye kasha lenye vifuko vya silika kavu, ambavyo hukaushwa upya kila baada ya muda, au mahali wazi penye hewa inayopita na mwanga wa mchana. Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hasa kama ni ya kale, kwa sababu lenzi zake ziliungwa kwa utomvu wa msunobari wa Kanada, ambao hulainika kwa joto na kuacha madoa ya manjano. Nyuzi nyembamba za kuvu zikionekana ndani, fundi anayejua kurudisha prizimu mahali pake anaweza kuziosha iwapo ni za wiki chache. Zikishapenya utando na kuuchimba uso wa kioo, kinachobaki ni kusaga upya au kubadilisha lenzi, kazi ambayo gharama yake kwa kawaida huzidi bei ya darubini.